Madai ya Mshahara: Nani Adaiwe, Wapi, na Ndani ya Siku Ngapi

Tarehe 1 Mei 2025 sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Wafanyakazi zilifanyika Singida. Hapo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Habari hiyo ilimfikia kila mwenye redio. Ilimfikia mwalimu na mganga, na ilimfikia vilevile mlinzi wa ghala la chama cha msingi.

Kama yupo mlinzi aliyemwendea katibu wake mwezi wa Agosti kuuliza mbona mshahara wake haukupanda, swali lake halikuwa la kijinga, wala halifai kujibiwa kwa kukaripia. Lakini jibu lake ni fupi: yeye si mtumishi wa umma. Nyongeza ile ilihusu wale wanaoajiriwa na Serikali na halmashauri zake. Mtumishi wa chama cha ushirika huangaliwa na amri nyingine, ile ya kima cha chini katika sekta binafsi, ambayo hutolewa na Waziri mwenye dhamana ya kazi baada ya ushauri wa bodi ya mishahara. Amri hiyo hupanga viwango mbalimbali kwa kazi mbalimbali, na iliyotolewa mwaka 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Ni wajibu wa katibu kuwa na nakala yake ofisini, na kumwuliza Afisa Kazi chama chake kinaangukia fungu lipi.

Magomvi mengi ya mshahara huanzia hapo: mdai hajui mwajiri wake ni nani, na anayedaiwa hajui ni sheria ipi inayomfunga.

WAAJIRI WANNE KATIKA UWANJA MMOJA

Itigi ni mji wa reli ya kati, na Halmashauri ya Wilaya ya Itigi ilianza kazi mwaka 2015 ikitokana na Halmashauri ya Wilaya ya Manyoni. Eneo lake ni kubwa na vijiji vyake vimetawanyika, hasa upande wa kusini kwenye barabara iendayo Rungwa hadi Mbeya. Mtu wa Mwamagembe hafiki makao makuu ya halmashauri kwa safari ya asubuhi na kurudi jioni bila gharama. Kwa sababu hiyo katibu wa chama ndiye mara nyingi mtu wa kwanza kuulizwa habari za sheria, hata zile zisizohusu chama chake.

Tuseme ni siku ya kupima alizeti kwenye uwanja wa chama. Wapo hapo watu wanne wanaofanya kazi bega kwa bega. Wa kwanza ni afisa ugani. Huyu ni mtumishi wa halmashauri. Wa pili ni karani wa mizani. Huyu ameajiriwa na chama. Wa tatu ni mlinzi wa ofisi ya kijiji iliyo jirani. Mwajiri wake ni halmashauri ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, ikishaandikishwa huwa na nafsi yake kisheria, yaweza kushitaki na kushitakiwa. Wa nne ni kuli anayepakia magunia katika lori. Mwajiri wake ni yule aliyempa kazi, ama mnunuzi, ama chama.

Huyu wa nne ndiye aghalabu huonewa, kwa kuwa kila upande husema ni wa upande wa pili. Inafaa ifahamike kwamba sheria haisubiri barua ya ajira ili imtambue mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaeleza dalili za kumtambua: kama kazi yake inaongozwa na mwingine, kama vifaa anapewa na mwingine, kama kwa miezi mitatu mfululizo amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kila mwezi. Ikionekana hata dalili moja kati ya hizo, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Chama kinachowatumia makuli walewale msimu mzima kisijidanganye kwamba hakina deni nao.

WAAJIRI HUBADILIKA, MADAI HUBAKI

Wazee wa ushirika wanakumbuka jinsi mwajiri anavyoweza kutoweka. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za mazao. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizovirejesha vyote viwili. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja katika miaka hiyo aliweza kuwa chini ya mabwana wawili au watatu bila kuhama meza yake.

Halmashauri inapogawanywa, jambo kama hilo hutokea kwa kiasi kidogo. Mtumishi aliyepandishwa daraja au kuhamishwa kabla ya mwaka 2015, ambaye malimbikizo yake hayakulipwa, hapana budi aonyeshe barua ya tarehe ile, iliyotolewa na ofisi ile. Bila barua hiyo kila ofisi itamwelekeza kwa nyingine.

MIFUKO MIWILI YA HALMASHAURI

Wanachama husema, "Halmashauri haijalipa watu wake." Usemi huo unachanganya mambo mawili. Mishahara ya watumishi walio katika orodha ya malipo ya Serikali hutoka Hazina. Wapo wengine, hasa wa mikataba ya muda, wanaolipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe. Mfuko huu wa pili hutegemea ushuru, leseni na ada.

Ushuru wa mazao ni sehemu kubwa ya mapato hayo katika wilaya za wakulima. Hulipwa na mnunuzi, si mkulima, na kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 ya bei ya shambani. Kwa hiyo ushuru uliokwisha kukusanywa ukilala katika daftari la chama au la mnunuzi, si halmashauri peke yake inayokosa. Huenda mtu wa mkataba naye anakosa posho yake. Chama kinachotaka kusikilizwa kinapodai barabara au afisa ugani ni vizuri kiwe na mikono safi katika jambo hili.

KILA MDAI NA MLANGO WAKE

Mtumishi wa umma huanza ndani. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu cha 32A kinachomtaka amalize kwanza njia zote zilizowekwa na sheria hiyo kabla ya kutumia sheria za kazi. Maana yake ni kwamba afisa ugani mwenye dai huandika kwa Mkurugenzi Mtendaji. Na akiadhibiwa kinidhamu, rufaa yake huenda Tume ya Utumishi wa Umma. Akikimbilia kwingine kabla ya hapo hurudishwa mlangoni, na muda umekwisha kumpotea. Chama cha wafanyakazi kama TALGWU kipo ili kumwongoza.

Hata wengi wakiungana, utaratibu hauachwi. Tarehe 30 Julai 2012 walimu wa nchi nzima waligoma kwa wito wa Chama cha Walimu Tanzania, wakidai nyongeza ya mshahara na posho. Siku chache tu baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliona kwamba taratibu za sheria hazikufuatwa, ikaamuru mgomo usitishwe. Walimu walikuwa na malalamiko ya kweli, lakini mahakamani kilichopimwa kwanza ni utaratibu.

Mtumishi wa chama cha ushirika, na kuli vilevile, mlango wao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Singida. Hapo mdai hujaza fomu namba moja, humpa mwajiri nakala, kisha huiwasilisha Tume. Muda ni huu:

Akiachishwa kazi na kuona ameonewa: siku 30 tangu kuachishwa.
Dai jingine lolote, kama mshahara usiolipwa: siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kutoa sababu nzito. "Katibu aliniambia nisubiri mavuno" ni sababu ya kusikitisha, na si lazima ikubaliwe. Shauri huanza kwa usuluhishi, ambao hupewa siku 30. Usipofanikiwa, huenda kwa mwamuzi, naye hutoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu iipitie tuzo hiyo.

Hapo ndipo ilipo hatari kwa mtu wa Itigi. Msimu wa mvua ni mmoja, chama hupata fedha wakati wa mauzo, na mshahara wa miezi ya kilimo huahidiwa mpaka mavuno. Ahadi hiyo yaweza kutolewa kwa nia njema kabisa. Lakini siku 60 hazingoji alizeti ikauke. Ahadi iandikwe, itiwe sahihi na pande mbili, itaje kiasi na tarehe ya kulipa. Hapo mfanyakazi ana ushahidi na chama kina heshima.

KUKATA MSHAHARA KWA HASARA

Jambo jingine linalozua ugomvi ni upungufu ghalani. Magunia yamepungua, kamati inakaa, inaamua mshahara wa karani uzuiwe wote. Uamuzi huo ni kinyume cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 28 kinataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Akubali makato kwa maandishi. Deni lisizidi hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Kwa mfano, karani anapata shilingi 400,000 kwa mwezi, na imethibitika na amekubali kwamba ameleta hasara ya shilingi 300,000. Chama kinaweza kukata shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Hakiwezi kuchukua zote mara moja na kumwacha na shilingi 100,000 za kulisha watoto. Kama ni wizi, kuna polisi na kuna utaratibu wa nidhamu. Mshahara si mahali pa kutolea adhabu.

Anayelipwa kwa mwezi akiachishwa hupewa notisi ya siku 28 au malipo badala yake, pamoja na fedha za siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Aliyetimiza miezi 12 na zaidi hulipwa pia kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Aliyetumika miaka sita hupata siku 42. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo, lakini mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi haupotei.

KARATASI HUMLINDA NANI?

Makatibu wengine huogopa kuandika mkataba, wakidhani maandishi yatakifunga chama. Sheria inasema kinyume. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi na kuyatunza kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Likitokea shauri naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa huwa juu yake. Mlinzi akidai walipatana shilingi 300,000, na chama kikasema ni 200,000 bila karatasi, si mlinzi atakayehangaika kutafuta ushahidi. Ni chama. Na fedha zitakazolipwa ni za wanachama.

Kwa hiyo kila katibu ahakikishe mambo haya kabla ya msimu ujao:

1. Kila mtumishi wa chama ana mkataba wenye cheo, mshahara, saa za kazi na tarehe ya kuanza, na nakala imo katika jalada.
2. Daftari la mishahara linatiwa sahihi na mpokeaji kila mwezi, hata anapolipwa nusu. Na salio linaandikwa.
3. Makuli wameandikwa majina, magunia na malipo ya kila siku, na imetajwa wazi kama wameajiriwa na chama au na mnunuzi.
4. Makisio yanayopelekwa mkutano mkuu yana fungu la mishahara ya miezi 12, si ya miezi ya mauzo tu.
5. Malalamiko ya mtumishi yanapokelewa kwa barua, yanatiwa tarehe, na yanajibiwa kwa barua.

Jambo la nne ni la wanachama kuliko la katibu. Mkutano mkuu unaopitisha makisio bila mshahara wa miezi ya mvua umekwisha kupanga mgogoro wa mwezi wa Machi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mlinzi wa ghala nalo ni mali, na daftari lake li mikononi mwa chama.