Baiskeli Isiyotoka Sebuleni

Mtoto yeyote aliyewahi kuachiwa baiskeli ya mizigo uani anaujua mchezo huu: unaipandisha kwenye stendi yake ya miguu miwili, gurudumu la nyuma linabaki hewani, unakanyaga mpaka spoki zinapotea machoni. Stendi za mazoezi zinazouzwa katika nchi za baridi zinafuata wazo hilohilo, ila zimeongezewa ukinzani, yaani ule uzito unaoulazimisha mguu kufanya kazi kana kwamba unapanda mlima au unakata upepo. Haja yake inaeleweka. Oslo mwezi Desemba jua hukaa angani kwa takriban saa 6 tu, na Minneapolis, mji wenye Waafrika Mashariki wengi, barafu inaweza kuganda barabarani kwa wiki kadhaa mfululizo. Anayetoka kazini anakuta giza limeshaingia. Basi anakwenda dukani, na huko anaonyeshwa jedwali la bei na usahihi wa vipimo. Nadhani ameanza na swali lisilo lake. Stendi haitatumika barabarani. Itakaa ndani ya nyumba, na nyumba ndiyo inayoamua kama itatumika au itageuka kuwa pa kuanikia nguo.

Aina zenyewe si nyingi. Ipo ya magogo matatu yanayozunguka, ambayo baiskeli huwekwa juu yake bila kufungwa popote; inafundisha kujisawazisha vizuri sana, na inamwangusha asiye makini. Ipo inayoliacha gurudumu la nyuma mahali pake na kulibana kwa gogo dogo la chuma, huku ukinzani ukitoka kwenye sumaku au kwenye kimiminika kilichofungiwa ndani. Hii ya kimiminika ina akili fulani ya kimaumbile. Barabarani, ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuushinda upepo inahitajika mara nane. Kimiminika kinapokorogwa kwa kasi nacho hukaza kwa namna inayokaribia hiyo, ilhali sumaku ya kawaida haifanyi hivyo. Ubaya wa aina hii ya kubana gurudumu, iwe ya sumaku au ya kimiminika, ni kwamba tairi huteleza, hulika na kumwaga vumbi la mpira sakafuni. Aina ya tatu inakutaka uvue gurudumu la nyuma na kuvalisha cheni kwenye gia za mashine yenyewe. Hakuna tairi la kuteleza, sauti ni ndogo, na kompyuta iliyomo hupokea amri kutoka kwa programu kama Zwift: mlima ukionekana kwenye skrini, pedali zinakuwa nzito.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Mwili wa binadamu hupeleka kwenye pedali robo tu, au hata moja ya tano, ya nishati unayoichoma. Iliyobaki yote ni joto. Mtu anayetoa wati 150 kwenye pedali, kazi ya wastani tu, anatoa zaidi ya wati 450 za joto, kama hita ndogo ya umeme iliyowashwa katikati ya chumba. Barabarani upepo wa mwendo wake humpoza bila yeye kujua. Sebuleni hakuna upepo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, na hita ya nyumba nayo inafanya kazi. Damu inalazimika kugawanywa kati ya misuli na ngozi, mapigo ya moyo yanapanda ingawa kazi haijaongezeka, na jasho linachuruzika kwenye usukani na kula boliti kwa kutu. Mtu akishindwa baada ya dakika 20 hujilaumu kwamba ni mvivu. Mara nyingi alichokosa ni feni. Kwa hiyo, kama fedha zinatosha stendi ghali bila feni, au stendi ya kawaida pamoja na feni kubwa na mkeka, chukua ya pili. Mkeka hunywa jasho, na pia hupunguza mtetemo unaopita sakafuni hadi kwa jirani wa chini, ambaye hajali kabisa mashine yako ni sahihi kiasi gani.

Atasema mtu kwamba usahihi si anasa, na hakosei kabisa. Mwaka 2020, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ambayo kwa wanawake mshindi wake alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, washindani walitumia stendi za aina moja, kwa kuwa hapo wati chache huamua mshindi. Lakini asiye mshindani anajilinganisha na nafsi yake ya wiki iliyopita. Kinachomfaa ni kipimo kisichoyumba, hata kama kimezidi kidogo. Hoja kwamba stendi za kuvua gurudumu ni ghali nayo imepungua makali: stendi ya Wahoo KICKR ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na miaka kumi baadaye Zwift Hub, nayo ya kuvua gurudumu, ilitoka kwa dola 499. Mwingine atasema stendi haihitajiki, kwani wapo watu wa Oulu, Finland, wanaoendesha nje msimu wote wa theluji. Ni kweli, lakini safari ya polepole ya kwenda kazini haichukui nafasi ya mazoezi makali.

Hukumu yangu basi: anayeishi ghorofani na atakayepanda mara tatu au nne kwa wiki anunue ya kuvua gurudumu, hata iliyotumika, na aiache imefungwa mahali pake. Wa mara mojamoja atosheke na ya kimiminika. Na kabla ya kulipa, angalia ekseli ya nyuma: baiskeli nyingi mpya za breki za diski zina ekseli nene ya kupenya ya milimita 12, na stendi ya zamani iliyotengenezwa kwa ekseli nyembamba haitaishika bila kipande cha kuunganishia.