Kijana anataka milioni 2 afunge gesi kwenye gari: itarudi lini?

Simu inapigwa kutoka Mbagala au Kimara. Kijana anayeendesha teksi ya mtandao anamwambia mzee wake kijijini: "Baba, gari linakunywa mafuta. Nikifunga gesi nitaokoa zaidi ya nusu. Nisaidieni milioni 2." Kwa aliye shambani, hiyo ni mifugo inayouzwa au mahindi ya msimu mzima. Ndiyo maana tumeona tuipige hesabu hii kabla hujatuma fedha.

Anachokisema ni gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, inayotoka Songo Songo, Kilwa, na kufika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Fundi habadili injini. Anafunga mtungi kwenye buti, mabomba, kifaa cha kupunguza mgandamizo na swichi. Tangi la petroli linabaki palepale.

Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya lita 1.4 hivi za petroli. Kilo hiyo imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550 jijini. Petroli hupangiwa bei mpya na EWURA kila mwezi. Agosti 2022 ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Sisi tuchukue 3,000.

Dereva anayetumia lita 10 kwa siku analipa 30,000. Kwa gesi atahitaji kilo 7 na kidogo, kama 11,000. Anabaki na 19,000. Milioni 2 zinarudi baada ya siku 105 za kazi, yaani miezi minne hivi. Kijana hakudanganya.

Lakini mwenye gari la kwenda ofisini na kurudi, anayetumia lita 2 kwa siku, anaokoa kama 3,800 tu. Huyo atasubiri siku zaidi ya 500.

Halafu kuna foleni, na hapa ndipo hesabu za vijana wengi huharibika. Sheli za petroli ziko kila kona, vituo vya gesi ni vya kuhesabu: Ubungo, Tazara, na kituo mama cha TPDC barabara ya Sam Nujoma ni miongoni mwavyo. Madereva wamekuwa wakisubiri kwa saa nyingi, wengine wanakwenda usiku wa manane. Anayelala Chamazi anavuka nusu ya jiji kabla hajaanza kusubiri. Tuseme saa hizo zinamkosesha abiria wa shilingi 10,000. Faida ya 19,000 inabaki 9,000, na fedha yako inarudi baada ya siku zaidi ya 220. Kwa hiyo usimuulize tu gesi ni bei gani. Muulize analala wapi, atajaza wapi, saa ngapi.

Muulize na fundi ni nani. Chuo cha DIT ni kati ya waliotangulia kufanya kazi hii nchini. Gesi ya gari hujazwa kwa mgandamizo wa bar 200. Mtungi wa kupikia haufiki hata sehemu ya kumi ya huo. Atakayekwambia mtungi wa jikoni unaweza kufungwa kwenye gari, mkimbie. Mtungi halali una tarehe zilizogongwa kwenye chuma chake, na hupimwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Gharama hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Na wewe mwenye gari kijijini? Pasipo na kituo cha gesi utabeba mtungi mtupu, mzito, na buti limekwisha. Usikimbilie pia sumaku na vidude vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta: EPA, shirika la mazingira la Marekani, limepitia vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo na halikupata hata kimoja chenye nafuu ya maana. Jaza upepo matairi, badilisha plagi zilizochoka, safisha ea klina.

Kijana akija kuwasalimu mwisho wa mwaka, aweke petroli kwenye tangi. Mtungi wa kilo 10 utamsogeza kilomita 150 hivi kutoka Dar es Salaam. Zinazobaki ni za petroli.