Mamba na Wageni wa Maji (2): Kutoka Ziwa Chala hadi Kahe

Katika sehemu ya kwanza tulifuata maji ya Kilimanjaro yanavyozama kwenye miamba ya volkano huko juu na kuibuka tena tambarare, Miwaleni, Chemka na kwenye chemchemi nyingine ambazo zimeifanya Kahe ilime mpunga hata mvua zinapochelewa. Leo tumzungumzie mkazi wa maji ya nyanda hizi za chini ambaye matangazo ya utalii huwa hayamtaji.

Nianzie Chala. Ziwa hili lipo ndani ya kreta, mpakani mwa Rombo na Taveta. Kina chake kinakaribia mita 90, kuta zake ni za mwinuko mkali, na hakuna mto unaoonekana ukitoka humo, kwani maji yake hupita chini ya ardhi. Ukisimama juu ya ukingo mchana, unaona maji ya buluu yaliyotulia, na moyo unakwambia humu hamna kitu. Machi 2002 binti wa Kiingereza wa miaka 18, aliyekuja Afrika Mashariki kwa kazi ya kujitolea, aliingia kuogelea usiku pamoja na wenzake upande wa Kenya. Mamba akamchukua.

Watu wengi wakisikia habari kama hiyo huuliza ilikuwaje asimwone. Jibu limo katika maumbile ya mnyama mwenyewe. Macho, masikio na matundu ya pua ya mamba vimepangwa juu kabisa ya kichwa, kiasi kwamba mnyama wa mita nne anaweza kuwapo mbele yako na usione zaidi ya vinundu viwili vitatu juu ya maji. Akitaka kujificha kabisa huzama, na akitulia anaweza kukaa chini nusu saa na zaidi bila kuvuta pumzi. Nyuma ya ulimi ana kizibo kinachofunga koo, kwa hiyo hufungua kinywa majini bila kunywa hata tone. Kwenye ngozi ya taya zake kuna vidoa vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, hata wa ndoo inayochovywa gizani. Na giza halimsumbui, maana nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga. Ndiyo maana wavuvi wakimulika tochi usiku huona macho yake yakiwaka mekundu.

Kwa hiyo kutomwona mamba hakuthibitishi kwamba hayupo. Hilo ndilo ningependa kila mwongoza watalii wa Moshi alikariri.

Turudi kwetu Kahe. Mito inayoshuka mlimani hukusanyika katika njia kuu mbili, Kikuletwa upande wa magharibi na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe upande wa mashariki. Zote huingia Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, na kutoka hapo maji yanakuwa Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Mamba wapo Jipe na wapo Nyumba ya Mungu, na mto kwao ni njia. Hata Chemka, bwawa la maji vuguvugu kule Rundugai ambako vijana wa Moshi na wageni hujirusha kwa kamba wikiendi, maji yake hayaishii pale. Hutiririka kuelekea Kikuletwa. Simwogopeshi mtu asiende Chemka. Nasema tu kwamba sentensi “hapa hakuna mamba” ina mipaka ya mahali na ya msimu. Mto ukifurika wakati wa masika, mamba husogea hadi mahali ambapo kiangazi hakuwapo.

Jambo moja dogo lakini muhimu: si kila anayeonekana ukingoni ni mamba. Kenge hudhaniwa mtoto wa mamba mara nyingi sana. Mtazame ulimi. Kenge hutoa ulimi wenye ncha mbili na kuuingiza tena, tena na tena, na akishtuka anaweza kupanda mti. Ulimi wa mamba umeshikamana na sakafu ya kinywa, hauwezi kutoka nje. Ajabu ni kwamba kenge huyo ni adui mkubwa wa mamba, kwani hufukua mayai yake mchangani mama akizubaa.

Wenzetu wa mbali nao wamepata funzo kwa machungu. Tarehe 14 Juni 2016, kwenye hoteli ya Disney iitwayo Grand Floridian, karibu na Orlando huko Marekani, mtoto wa miaka 2 alinyakuliwa ukingoni mwa maji mbele ya wazazi wake. Mnyama wa kule ni aligeta, jamaa wa mamba mwenye pua pana, ambaye kwa kawaida hana ukali wa mamba wetu. Bango lilikuwapo, lakini lilikataza kuogelea tu. Halikusema neno juu ya mnyama. Baada ya msiba ule ndipo zikawekwa kuta za mawe na mabango yanayomtaja mnyama waziwazi.

Lakini mgeni ana hiari ya kuingia majini au kutoingia. Mama anayeteka maji mtoni hana hiari hiyo. Huenda mahali palepale, saa ileile, kila siku, na mamba ni mnyama anayejifunza mazoea ya windo lake. Mama huyo ndiye anayenitia wasiwasi kuliko waogeleaji wote. Katika Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, imejenga vizimba ukingoni ili watu wateke maji wakiwa ndani ya uzio. Sioni sababu ya vivuko vya hatari vya Ruvu na Kikuletwa kukosa kitu kama hicho. Serikali hutoa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na familia yenye msiba iwahi kutoa taarifa ofisi ya kijiji. Hata hivyo, uzio ukitangulia ni bora zaidi.

Kwa mgeni ushauri wangu ni mfupi. Muulize anayevua na anayeteka maji pale, usimuulize anayekuuzia kiingilio peke yake. Usioge mtoni jua likishazama. Usitupe matumbo ya samaki wala mabaki ya nyama ukingoni, kwa sababu unamzoesha mamba kuwafuata watu.

Na kwa halmashauri za Moshi, Hai na Rombo, pamoja na wenye kambi na nyumba za wageni kando ya maji: wekeni mabango kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye picha ya mamba na namba ya simu ya ofisa wanyamapori, kabla wageni wa Julai hawajaanza kushuka kutoka mlimani.