Kitambaa Gani kwa Sinema Yetu?



Mchango wa sinema umeshakusanywa. Wengine wanataka tununue kitambaa chenye kung'aa, wengine turubai la plastiki. Mbele ya kufungua mfuko, tuelewe neno moja: projekta haiwezi kutupa weusi. Inatupa mwanga tu. Mahali filamu inaonyesha usiku, kitambaa kinaachwa bila mwanga. Basi weusi wa picha ni ile rangi unayoona kwenye kitambaa mbele filamu haijaanza. Kama kinaonekana cheupe, usiku wa filamu utakuwa sawa ukungu wa asubuhi huku Masisi.

Tuangalie vitambaa. Turubai linalong'aa linarudisha mwanga sawa kioo: mmoja anaona doa kali, jirani yake anaona giza. Shuka nyembamba inapitisha mwanga nyuma, picha inafifia. Kitambaa cha kijivu kinasaidia kidogo katika chumba chenye kuta nyeupe, juu mwanga unaotoka kwenye picha unagonga ukuta, unarudi, na kijivu kinaupunguza mara ya pili. Lakini mwanga wa dirishani hakiushindi: kinapunguza picha na mwanga ule kwa kipimo kimoja.

Njo maana sisi tunachagua pamba nyeupe, nzito, isiyong'aa. Tutaivuta sana isiwe na mikunjo, tutaweka kitambaa cheusi nyuma yake, na utepe mweusi pembeni pande zote nne. Blanketi za rangi nzito zitafunika kuta zilizo karibu na madirisha. Wenzetu wa Walikale, kule porini kwenye joto, hawawezi kufunga madirisha yote. Kwao ni vizuri kuonyesha inje, usiku ukishaingia. Kwetu jua linashuka karibu saa 12 ya magaribi mwaka mzima. Tukianza saa 1 na nusu, giza ni la bure.

Faida ni hii: wadogo wanaokaa nyuma wataweza kusoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na feza zitakazobaki zitanunua petroli ya jenereta. Tunaomba kapita wa kila darasa alete blanketi mbili Ijumaa. Zitarudishwa usiku uleule.