Kujipamba ukubwani: Mwanamke transjenda aanzavyo na vipodozi na mavazi

KATIKA Pwani ya Kenya, msichana anapovunja ungo hukabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima anayemfunza usafi wa mwili, adabu na namna ya kujitunza. Bara hakuna cheo hicho, lakini kazi yenyewe hufanywa na dada, shangazi au wenzake wa bwenini. Afikapo umri wa miaka 20, msichana huyo amekwisha kufanya makosa yake yote ya wanja uliochuruzika na rangi ya mdomo isiyomfaa, tena ameyafanya mbele ya watu waliomcheka kwa upendo.

Mwanamke transjenda, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya kiume na kuandikishwa mvulana ilhali anajitambua na kuishi kama mwanamke, hukosa masomo hayo. Wengi huanza wakiwa na miaka 25, 30 au hata 50, chumbani peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Kosa ambalo msichana wa miaka 14 husamehewa, yeye huenda akalilipia kwa matusi, kwa kufutwa kazi au kwa kipigo. Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la anasa tu, kwake si la anasa hata kidogo.

Suala la watu hawa lilijadiliwa sana nchini wakati Audrey Mbugua alipolishtaki Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) akitaka jina lililo katika cheti chake cha KCSE libadilishwe. Oktoba 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru apewe cheti kipya kisicho na alama ya jinsia. Kesi hiyo ilihusu karatasi, lakini chanzo cha shida kilikuwa macho ya watu: mwajiri humtazama mwanamke aliyeketi mbele yake, kisha husoma jina la mwanamume.

Anayeanza hukumbwa na tamaa ya kununua kila kitu kwa siku moja. Hilo halifai. Vitu vitano au sita vinatosha mwanzoni: wembe mzuri, mafuta ya kulainisha ngozi, rangi ya kusawazisha uso ambayo wauzaji huiita faundesheni, poda, penseli ya nyusi na rangi moja ya mdomo. Maduka ya vipodozi katikati ya Nairobi yamezoea kuwauzia wanaume wanaotumwa na wake zao, kwa hivyo anayeona haya kuulizwa maswali anaweza kununua bila kueleza lolote. Lakini aliye na rafiki wa kike anayemwamini amepata zaidi ya duka, kwa kuwa rafiki atamwambia ukweli kuhusu rangi.

Kazi ngumu zaidi usoni ni ndevu. Hata baada ya kunyoa, mizizi ya nywele iliyo chini ya ngozi huonekana kama kivuli cha kijivu au cha samawati kuzunguka mdomo na kidevu. Wanaoanza hudhani dawa ni kuongeza poda. Kinyume chake, poda nyingi juu ya kivuli hicho hutoa rangi ya majivu, na uso ukaonekana kana kwamba umepakwa unga.

Dawa yake ni rangi inayopingana nayo. Samawati huzimwa na rangi ya chungwa. Kwa mwenye ngozi nyeupe kiasi, rangi ya pichi inatosha; kwa mwenye ngozi nyeusi, huhitajika chungwa iliyokolea inayokaribia wekundu. Hupakwa kidogo mno, mahali penye kivuli peke yake, kwa kugusagusa na ncha ya kidole au sifongo wala si kwa kusugua. Ikisuguliwa husambaa hadi mashavuni na mtu akafanana na aliyekula embe bila kunawa. Juu yake ndipo hupakwa faundesheni, tabaka jembamba, kisha poda kidogo ya kuishikilia. Asiye na pesa za kununua rangi hiyo ya kusawazisha anaweza kutumia rangi ya mdomo yenye wekundu wa chungwa. Ni ujanja wa zamani na bado unafaa.

Kabla ya hayo yote, kunyoa kwenyewe kuna adabu zake. Nywele za Mwafrika hujisokota, na zinapokatwa karibu mno na ngozi, ncha hurudi ndani na kuzua vipele ambavyo huacha madoa meusi. Ngozi ilainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, wembe ufuate upande nywele zinakoelekea, na mahali pamoja pasipitishwe wembe mara nne au tano. Isitoshe, ni busara kuipa ngozi muda itulie kabla ya kuipaka chochote, na kuipumzisha siku ambazo mtu hatoki. Wako wanaotarajia kwamba homoni zitaziondoa ndevu. Homoni hupunguza nywele za mwilini, lakini ndevu zilizokwisha kuota haziondoki kwa homoni pekee. Mwanga wa leza husaidia, mradi mtaalamu awe na mashine ifaayo ngozi nyeusi, ile ya mawimbi ya nanomita 1064, kwa maana leza zilizotengenezewa ngozi nyeupe huweza kumchoma mtu na kumwachia makovu.

Kuhusu uteuzi wa faundesheni, mazoea ya kuijaribu mgongoni mwa kiganja ni ya kupotosha kwa sababu mkono na uso havina rangi moja. Ijaribiwe kwenye taya, kisha mtu atoke mlangoni ajitazame kwenye kioo kwa mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya. Ikipotea kabisa ngozini, hiyo ndiyo yake. Zamani mwenye ngozi nyeusi sana alikuwa na machaguo mawili matatu tu, lakini kampuni ya Fenty Beauty ilipozindua rangi 40 kwa mkupuo mwaka wa 2017, washindani wake nao walilazimika kupanua orodha zao. Bidhaa hizo ziliingia rasmi katika soko la Kenya mwaka wa 2022, ingawa bei yake si ya kila mfuko.

Hapa kuna onyo lisilopaswa kupitwa haraka. Kwa kuwa urembo umehusishwa kwa muda mrefu na weupe, anayeanza huweza kushawishiwa kununua krimu za kujichubua. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini Kenya, lakini bado huuzwa kisirisiri. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na mabaka meusi ya samawati, yaani kile kile kivuli ambacho mtu alikuwa akikikimbia.

Macho hayahitaji mengi. Nyusi zikitindwa kidogo upande wa chini, uso hufunguka. Zikitindwa mno, huchukua miezi kurudi. Wanja na rangi ya kope visiazimwe, hata na rafiki wa chanda na pete, kwani huambukiza maradhi ya macho, na rangi ya kope hutupwa baada ya miezi mitatu hivi. Kucha na manukato ni suala la mapenzi ya mtu.

Tugeukie mavazi. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua rinda walilolitamani miaka mingi badala ya rinda linalolingana na mwili walio nao. Utepe wa kupimia hugharimu pesa kidogo na huokoa nyingi: kifua, kiuno, nyonga, na zaidi ya yote upana wa mabega, maana hapo ndipo nguo nyingi za kike hukataa. Mtu aliyekua kama mwanamume mara nyingi ana mabega mapana na nyonga nyembamba. Sketi inayopanuka kuelekea chini au yenye marinda humwongezea upana pale anapoupungukiwa. Shingo ya nguo iliyokatwa kwa pembe hufanya mabega yaonekane membamba, ilhali mikono yenye vifuto mabegani huyazidisha. Dera la Pwani, kwa upana wake, halimuulizi mtu vipimo, na kwa mazoezi ya nyumbani hakuna vazi lenye huruma zaidi. Hata hivyo, anayetaka kulivaa hadharani ajue kwamba mahali ambapo wanawake wote wamevaa sketi za ofisini, dera litavuta macho. Shabaha ya mwanzoni iwe kuvaa kama wanawake wa rika lake wavaavyo mahali pale na saa ile. Kijana wa kike wa Nairobi huvalia jinzi na blauzi siku nyingi za juma, wala si gauni la harusi.

Katika mitumba ya Gikomba au Toi, nguo kubwa za kike hupatikana kwa urahisi kuliko madukani, kwa sababu robota nyingi hutoka nchi ambazo wanawake wake ni warefu. Viatu navyo ni hivyo hivyo. Maduka mengi huishia nambari 41 au 42. Anayebabaika kuitambua blauzi ya kike katika rundo la mashati atazame vifungo: vya kike huwa upande wa kushoto wa mvaaji, vya kiume upande wa kulia. Na nguo isiyokaa sawasawa haina haja ya kutupwa, kwani fundi wa mtaani huweza kuibana kiunoni kwa nusu saa. Wanaotumia homoni wasinunue sidiria nyingi kwa pamoja, maana kifua huanza kubadilika baada ya miezi mitatu hadi sita na huendelea kubadilika kwa miaka miwili au mitatu. Wanaojifunga sehemu za siri ili nguo ikae vyema watumie chupi ya kubana na wala si gundi ya karatasi, ambayo hung'oa ngozi. Maumivu au ganzi ni ishara ya kufungua mara moja.

Swali linalowasumbua wengi ni iwapo polisi wanaweza kumkamata mtu kwa mavazi. Sheria za Kenya hazina kifungu kinachomkataza mwanamume wala mwanamke kuvaa nguo fulani. Baada ya wanawake kadhaa kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume na maandamano kufanyika Nairobi Novemba 2014, Kanuni ya Adhabu ilirekebishwa mwaka huo huo na kumvua mtu nguo kukafanywa kosa la jinai. Kinga hiyo ni ya kila mtu. Taabu huzuka kwenye kitambulisho, ambapo jina na jinsia havifanani na sura, na wako walioshtakiwa kwa kujifanya watu wengine. Mnamo Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimtunuku mwanamke transjenda fidia ya Sh1 milioni kwa namna alivyodhalilishwa akiwa kizuizini, ikaitaka serikali kuandaa sheria ya kulinda haki za watu kama yeye.

Kwa hivyo safari za kwanza za nje hupangwa. Mchana ni salama kuliko usiku, penye watu wengi wasiofahamiana ni bora kuliko kituo cha matatu cha mtaani, na mwenzi wa kutembea naye ni bora kuliko vipodozi vya bei yoyote. Nauli ya kurudi nyumbani kwa teksi iwekwe kando kabla ya kutoka.

Arudipo, uso hufutwa kwa mafuta kwanza, hata yale ya nazi, ndipo huoshwa kwa sabuni isiyo kali, kwa kuwa maji peke yake hayaondoi rangi. Brashi na sifongo huoshwa kila wiki na kuanikwa zikauke kabisa.