Kabla ya kukata gharama, uliza: hiki kina kazi gani?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Marekani vilikuwa na oda nyingi kupita malighafi iliyopatikana. Shaba, nikeli na beringi vilikuwa adimu. Katika kampuni ya General Electric, mmoja wa waliohangaika na uhaba huo alikuwa Lawrence Miles, mhandisi wa umeme aliyezaliwa Nebraska mwaka 1904 na kuhamia upande wa manunuzi.

Ofisa manunuzi wa kawaida akiambiwa bidhaa haipo, hutafuta muuzaji mwingine. Miles alibadilisha swali. Aliacha kuitafuta bidhaa, akatafuta kitu chochote chenye uwezo wa kufanya kazi ambayo bidhaa ile ilikusudiwa kufanya. Mara nyingi mbadala uliopatikana ulikuwa wa bei nafuu zaidi, na wakati mwingine ulifanya kazi vizuri kuliko kile kilichokosekana. Vita ilipokwisha, bosi wake Harry Erlicher, aliyesimamia manunuzi ya kampuni, alitaka kujua kama mafanikio hayo yaliyotokana na dhiki yangeweza kurudiwa kwa makusudi. Mwaka 1947 Miles akapewa jukumu la kuunda utaratibu. Ndipo ulipozaliwa uchambuzi wa thamani, ambao leo wengi wanaujua kama uhandisi wa thamani.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kutoka siku hizo ni cha asbestosi. Katika karakana moja ya rangi, vifaa vilivyokwisha kupakwa vilipita juu vikining'inia huku rangi ikidondoka, na kanuni za moto zilitaka sakafu ifunikwe kwa asbestosi. Asbestosi haikupatikana. Muuzaji mmoja akauliza mnaitakia nini. Alipoelezwa, akasema ipo karatasi isiyoshika moto, inapatikana tena kwa bei ndogo. Kamati ya usalama ikakataa, kwa kuwa kanuni ilitaja asbestosi. Baada ya mabishano kanuni ikabadilishwa. Mtu anayefahamu leo kwamba vumbi la asbestosi husababisha saratani atauona uzito wa swali lile: kanuni iliandika jina la kitu, ikasahau kazi yake.

Mbinu ya Miles inaanzia hapo. Kila sehemu ya mashine, jengo au huduma hutajiwa kazi yake kwa maneno mawili, kitenzi na nomino: kubeba taa, kuzuia maji, kupitisha umeme. Kisha kazi ya msingi hutenganishwa na zile za nyongeza, na kila moja huwekewa gharama yake. Hatua hii ndiyo inayofumbua macho, maana fedha nyingi hukutwa zimelala kwenye kazi ambazo mtumiaji hakuziomba. Hapo ndipo watu wa fani mbalimbali hukaa pamoja na kutaja njia nyingine za kuifanya kazi ile, bila kukosoana mpaka mawazo yaishe. Wanachuja baadaye.

Jeshi la Wanamaji la Marekani liliichukua mbinu hii mwaka 1954, na mwaka 1959 wataalamu wa uhandisi wa thamani wakaunda chama. Kitabu cha Miles kilitoka mwaka 1961. Wajapani waliipokea kwa moyo hata wakamtunuku nishani ya taifa mwaka 1985, mwaka aliofariki. Tangu mwaka 1996, sheria ya Marekani inazitaka idara za serikali kuu kuwa na taratibu za uhandisi wa thamani.

Lakini jina hili limetumiwa vibaya, tena kwa gharama ya maisha ya watu. Katika ukarabati wa jengo la ghorofa la Grenfell, London, paneli za nje za zinki zilizokuwa zimependekezwa zilibadilishwa kwa paneli za alumini zenye poliethilini katikati, ili kuokoa takriban paundi 293,000. Usiku wa Juni 14, 2017 jengo liliwaka na watu 72 wakafa. Uchunguzi ulibaini kuwa paneli hizo ndizo zilizokuwa sababu kuu ya moto kusambaa. Katika nyaraka za mradi, kubana matumizi kuliitwa uhandisi wa thamani. Haukuwa huo. Paneli ya nje ya ghorofa ina kazi ya kuzuia mvua na kupendezesha, na pia haitakiwi kuwa njia ya kupitishia moto. Anayeshusha bei huku akiifuta kazi hiyo hajaongeza thamani yoyote.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika katika miradi mingi ya barabara na maji Tanzania, Kenya na Uganda, ina kifungu cha uhandisi wa thamani. Katika toleo la mwaka 1999, kifungu cha 13.2 kinamruhusu mkandarasi kupendekeza njia bora zaidi, na pendekezo linapobadili usanifu wa kazi za kudumu anaweza kulipwa nusu ya kilichookolewa. Ila kwanza hukatwa hasara ya mwenye mradi kama ubora, umri wa kazi au ufanisi wake utashuka. Sharti hilo ni la haki, na mara nyingi ndilo linalorukwa haraka watu wanapoona tarakimu za akiba.

Basi wewe mhandisi, ofisa manunuzi au diwani unayeletewa pendekezo la kupunguza gharama za mradi, dai kwanza uoneshwe kazi ya kila kinachoondolewa na nani atakayeifanya baada ya hapo. Usipopata jibu, usitie saini.