Mwaka Kogwa wa Makunduchi na Hesabu ya Miongo

Katika nchi yo yote ya mashamba yako majuma machache ambayo mavuno yamekwisha kuingia ghalani, njia zimekauka, na watu wana nafasi ya kutembeleana. Hapo ndipo zinapochezwa ngoma na kufanywa arusi, na miji midogo isiyotajwa mwaka mzima hujaa wageni. Huko Ulaya watu wa vijijini hupenda kuzichagua siku za mwisho wa juma katika kiangazi chao, ili mtu wa kazi apate kwenda na kurudi pasipo kukosa ujira. Lakini katika kisiwa cha Unguja iko sikukuu ya namna hii isiyongoja Jumamosi wala Jumapili. Ndiyo sikukuu ya Mwaka, na mahali inaposhikwa kwa nguvu zaidi ni Makunduchi, katika pembe ya kusini-mashariki ya kisiwa. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, masika yamepita na kusi yavuma.

Mambo yanayoonekana kwa macho yameandikwa mara nyingi. Sababu ya siku yenyewe huachwa, au husemwa kwa neno moja tu, nasi twaona kwamba hiyo ndiyo shina na mengine ni matawi.

Kwanza jina. Wenyeji husema Mwaka Kogwa, na mtu aliyejifunza Kiswahili cha vitabu huenda akasita hapo. Kamusi za kale zaonyesha koga kwa maana ya kuoga, na katika usemi wa kusini ya Unguja, ambao wenyewe huuita Kikae, neno hili limekaa na kutumika kila siku. Basi Mwaka Kogwa ni kuoga mwaka: mtu huingia baharini, na uchafu wa mwaka uliokwisha humwondokea, ndipo auanze mpya akiwa safi. Siku ya mwisho ya mwaka ule wa kale ina jina lake pia, nayo huitwa kibunzi. Mwalimu aliyezoea kusikia neno hilo katika maana nyingine na aulize vema kabla ya kulisahihisha.

Baada ya kuoga huja mapigano. Wanaume hugawanyika pande mbili, watu wa kaskazini ya mji na watu wa kusini, wakakutana uwanjani na kupigana kwa migomba, yaani kwa mashina na vikonyo vya majani yake, vilivyo laini, visivyovunja mfupa. Zamani walitumia fimbo. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri kupita zote, huzunguka wakiimba, wala nyimbo zao haziwaachi wapiganaji bila kuchomwa kwa maneno. Ukiwauliza wenyeji maana yake, watakuambia ya kuwa hapa hasira za mwaka humalizwa. Aliye na kinyongo na mwenzake humpiga mbele ya watu wote, naye hupigwa, kisha neno lile halifuatwi tena.

Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, aliyataja mambo haya katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1870. Aliandika habari za kuoga baharini, za chakula kikubwa cha nafaka na kunde kilichopikwa na wanawake na kuliwa na kila aliyetaka kuja, na za mioto ya zamani iliyozimwa na kuwashwa tena kwa kupekecha vijiti. Alisema pia ya kuwa hapo kale damu iliyomwagika siku ile haikuulizwa, na magomvi ya siku nyingi yaliwekwa yapigwe siku hiyo. Wako waliosoma habari kama hizo wakatoa hukumu upesi ya kuwa huu ni ushenzi mtupu. Mimi naona hawakutazama vizuri. Mji uliojipa siku moja ya kugombana umezitoa siku 364 katika ugomvi, na watu walioacha fimbo wakashika migomba wamejua wenyewe ni kipi cha kutupa na kipi cha kubakiza.

Mapigano yakiisha, watu huenda penye kibanda kidogo cha makuti kilichojengwa kwa kusudi hili. Mzee mwenye madaraka ya jambo hilo huingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye hutoka salama. Watu hutazama moshi waelekea upande gani, nao husoma humo bahati ya mwaka. Wazee wenye amana ya ardhi na mizimu katika miji ya kusini huitwa wavyale, na neno hilo lina thamani kwa mwanafunzi wa lugha: latokana na kuvyaa, ambalo ni kuzaa katika usemi wa kale. Mvyale basi ni mtu ambaye nchi ile ni kwao kwa kuzaliwa. Sikukuu huendelea siku nne kwa ngoma na kula. Ni aibu, tena ni bahati mbaya, mtu kuketi peke yake pasipo mgeni. Kwa hiyo mpita njia huvutwa nyumbani, ajapokuwa hajulikani.

Sasa tuje katika hesabu. Mwaka huu si ule wa Kiislamu, ingawa watu wa Makunduchi ni Waislamu na hufunga na kusali kwa miezi ya mwandamo kama wenzao wote. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, nao hauwezi kumwambia mkulima siku ya kupanda, kwa kuwa Ramadhani huzunguka katika masika na kiangazi. Mkulima na baharia walihitaji mwaka mwingine, nao ni huu wa siku 365, ambao siku yake ya kwanza huitwa Siku ya Mwaka, au Nairuzi. Neno Nairuzi ni la Kiajemi, nau ni mpya na ruz ni siku, likapita katika midomo ya Waarabu kabla ya kufika pwani yetu. Watu wa Makunduchi hujiita Washirazi, na wengi huiona sikukuu kuwa ushahidi wa babu waliotoka Shirazi. Ushahidi huo si mzito sana. Ahmad bin Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika majira ya safari kwa siku za Nairuzi. Hesabu ingeweza kuja katika jahazi lo lote lililoletwa na kaskazi, pasipo kabila zima kuhama.

Siku hizo 365 hazikugawanywa kwa miezi. Zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo. Miongo ni 36, na siku tano zabaki. Mtu akiuliza tupo mwongo wa ngapi, aliulizia mvua, upepo na mbegu kwa neno moja. Tena, kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, Mwaka husogea siku moja katika juma: ukianza Jumatatu, wa pili utaanza Jumanne. Kwa sababu hii mwaka waweza kutajwa kwa siku iliyouanza, na mzee asiyejua kuandika alikuwa na kalenda kamili katika vidole vyake.

Lakini hesabu hii ina jambo ambalo mwandishi asipolijua atawasingizia wazee kwamba hukosea. Haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Miaka minne ya kalenda yetu ina siku 1461, na miaka minne ya Nairuzi ina siku 1460. Basi kila miaka minne Nairuzi hutangulia kwa siku moja. Ndiyo sababu mwaka wa Waajemi wenyewe huanza mwezi wa Machi na huu wetu Julai, kwa maana wao waliutengeneza mwaka wao mwaka 1079, wakaufunga na jua, na hesabu iliyokwisha kusambaa baharini ikaachwa iende zake. Wakati wa Steere Siku ya Mwaka ilikuwa mwezi wa Agosti. Chukua mfano. Mwaka ukianza tarehe 16 Julai, tarehe 16 Machi, masika yanapokaribia, ni siku ya nne ya mwongo wa 25. Ukianza tarehe 22 Agosti, kama ungalivyokuwa miaka mingi kabla yake, tarehe ile ile ya Machi ni siku ya saba ya mwongo wa 21. Babu na mjukuu wakitaja miongo mbalimbali ya kupanda, wote wawili wasema kweli. Mkulima naye hakufuata hesabu kama kipofu. Alitazama Kilimia pia, nyota zilizopewa jina kwa kulima.

Hapa pana shaka yetu. Sikukuu haina hatari ya kufa. Watu wa mjini huenda kwa magari, na wageni wa ng'ambo huja na kamera zao. Kinachopotea ni hesabu iliyoizaa. Kijana hupata tarehe kwa simu, wala hana haja ya kujua mwongo. Tena si ajabu siku moja mtu mwenye nia njema akasema: Mbona tusiisogeze mpaka Jumamosi iliyo karibu, ili watumishi wa ofisi na wageni wapate kuhudhuria? Tulifikiri neno hilo kwa hesabu. Mwaka unaoanza Jumamosi daima hauwezi kuwa na siku 365. Utakuwa na siku 364, au 371. Katika wa kwanza zile siku tano za mwisho zapungua kuwa nne. Katika wa pili zaongezeka kuwa 11, yaani mwongo mzima umezuka usio na jina wala kazi. Miongo haiwezi kusimama juu ya mwaka wa namna hiyo. Walioufunga mwaka na jua mwaka 1079 waliitengeneza hesabu. Anayeufunga na Jumamosi aivunja, na migomba itapigwa tu kwa kuwafurahisha watazamaji.

Tungewaomba walimu walio katika miji ya pwani waandike mambo machache maadamu wazee wapo: mwongo gani mtama ulipandwa, na mwongo gani mpunga, siku tano za mwisho ziliitwaje, kibunzi kilikuwa siku ya kufanya nini na ya kuepuka nini. Wasitosheke na jibu, bali waulize na mwaka ambao msemaji alikuwa kijana, kwa kuwa pasipo mwaka huo namba ya mwongo haina maana. Habari zisiwe za Makunduchi peke yake. Siku ya Mwaka ilishikwa mahali pengi pa pwani, na iko miji ambapo ng'ombe alizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa. Na neno la Kikae likiandikwa, liandikwe kama linavyosikika, kogwa iwe kogwa, pasipo kunyoshwa liwe Kiswahili cha shuleni.